Nilimpiga, Akakimbilia Kwako

Kabla hujanicheka, ujue kwamba Kiingereza changu nilikiokota kiwandani, katikati ya mashine, na aliyenifundisha alikuwa ameziba masikio yote mawili. Kwa hiyo nikikosea, nakosea kwa sauti kubwa.

Jumamosi ile ya Oktoba nilikuwa juu ya mti, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Louisville. Nilikuwa nimefungwa mkanda nisidondoke, upinde mapajani, miguu imekufa ganzi. Zilibaki siku kumi na tisa kabla ya mahojiano yangu ya uraia. Nilizihesabu siku hizo kila nikiamka, kwa sababu mwanangu wa kwanza alibaki kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania tulipoondoka. Alikuwa ameshaoa, faili lake likatenganishwa na letu, siku ya safari ikafika, sisi tukapanda basi, yeye akabaki amesimama na mkewe kwenye vumbi. Na hapa Marekani, mtoto aliyeoa huwezi kumwombea kuja mpaka uwe raia. Kadi ya kijani, ile ya ukaazi, haitoshi. Miaka saba nimekuwa nikimwambia kwenye simu, "Vumilia, baba." Naye ananijibu, "Ndiyo, mama," kwa sauti ya mtu aliyechoka kuvumilia.

Sasa mtu mwenye mzigo kama huo anafanya nini juu ya mti? Kaka yangu aliniuliza hivyo hivyo. Kaka anakaa Columbus, ni shemasi kanisani, ni raia tayari, na kwa sababu hiyo amejifanya wakili wa ukoo mzima. "Bon, dada, sikia," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kilichochanganyika Kifaransa. "Wewe mwanamke, mama ya watoto wane, unapanda ku miti na mishale? Donc tulitoka porini ili urudi porini?" Nikamwambia kule porini tulikimbizwa, huku nimekwenda kwa miguu yangu mwenyewe. Akakata simu. Mimi si mtu wa kunyamaza, na yeye si mtu wa kusikiliza, ndivyo tulivyolelewa.

Aliyenipandisha mti ni mwenzangu wa kazini, mzungu mwenye mvi, ambaye mimi namwita bibi na yeye amelizoea jina hilo. Tunafunga maboksi mstari mmoja. Siku moja alinikuta chooni nalia kwa ajili ya mwanangu. Jumapili yake akaja kunichukua kwenye fleti zetu za mtaa wa Newburg, akanipeleka shambani kwake, penye mti ule, akanipa upinde na kunisimamisha mbele ya gunia lililoshindiliwa matambara. "Vuta," akasema. Nikavuta mpaka bega likalia. Na wallahi, ingawa mimi ni Mkristo, nikiwa nimevuta uzi ule sikuweza kuwaza kitu kingine chochote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kichwa changu kunyamaza. Nikarudi kila wiki.

Huku kuna wawindaji wanaojali pembe tu. Asiye na pembe kubwa hata picha hapigwi. Bibi hakuwa hivyo. Aliniwekea amri moja kuu: swala yeyote utakayempata kwa upinde, mkubwa au mdogo, dume au jike, usimwonee haya. Picha ikipigwa, mshike kichwa chake, halafu uinue chako. Sisi tunamwita swala, ingawa si yule wa kwetu. Jina lingine hatukupata. Msimu wangu wa kwanza nilikaa mtini siku kumi na moja nikarudi mikono mitupu. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

Saa mbili na nusu asubuhi ya Jumamosi ile, akaja. Jike, peke yake, mdogo, masikio yakizunguka huku na huku. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa atausikia. Nilivuta uzi alipoinamisha kichwa, nikashika pumzi, naye akainua kichwa akatazama moja kwa moja mtini. Jamani! Mikono ilianza kutetemeka, mabega yanawaka moto, na yeye hatembei. Nilijiambia, ukitikisika umemkosa, ukimpiga vibaya utamtesa, na hilo hutajisamehe. Akageuka hatua moja. Nikaachia.

Nilisikia mshale ukigonga. Akaruka, akakimbia, akapotea kwenye vichaka. Amri nyingine ya bibi ni kwamba baada ya kupiga unakaa nusu saa nzima bila kushuka, maana ukimfuata upesi anakimbia mbali zaidi. Nusu saa ile nilitazama saa labda mara mia. Kisha nikashuka. Nikaufuata mtiririko wa damu jani kwa jani, nikigusa kwa vidole kuona kama bado ni mbichi, mpaka nikafika kwenye uzio wa waya. Damu ilikuwa juu ya waya. Upande wa pili kulikuwa na nyasi zilizokatwa, bembea ya watoto, na nyumba nyeupe ya jirani.

Hapo pia bibi alinifundisha: usivuke uzio wa mtu hata hatua moja bila ruhusa. Uache upinde, uende mlangoni, ubishe hodi, uombe kwa adabu. Simu haikuwa na mtandao kumpigia yeye. Basi nikaegemeza upinde kwenye nguzo, nikazunguka mpaka barabarani, nikaenda kubisha.

Hapa lazima nisimame kidogo. Kwa Kiswahili, mwenye pumzi ni mwenye pumzi. Mtu amekuja, swala amekuja, hata kunguni amekuja. Kiingereza kimewagawa: mwanamume ni "he", mwanamke ni "she", na mnyama anatupwa kapu moja na viti na sufuria, anaitwa "it". Ulimi wangu ulikataa habari hiyo tangu mwanzo. Kila chenye damu mimi nilikiita "he" kama vile ni jirani yangu, na kiwandani hakuna aliyenisahihisha, kwa kuwa kiwandani hatuzungumzi habari za wanyama.

Mlango ukafunguliwa kidogo na mama kijana aliyevaa nguo za kulalia. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri kabisa: "Samahani, mama. Nilimpiga, akakimbilia kwako. Yuko nyuma ya nyumba. Ana damu nyingi. Nafikiri anakufa. Naomba niingie nimchukue."

Soma tena kwa Kiswahili, utaona hakuna kosa hata moja. Lakini yeye alisikia habari za mwanamume. Akatazama uso wangu, akashuka mpaka vidole vyangu vyenye damu, akashuka mpaka kisu kiunoni. Mlango ukafungwa. Nikasikia kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Na mimi, mjinga wa Mungu, nikasema labda amekwenda kuvaa viatu. Nikakaa kwenye ngazi za baraza nikimsubiri kama mgeni mwenye adabu, nikiwaza tu kwamba muda unakwenda na nyama itaharibika.

Gari la polisi lilikuja bila king'ora, kwa kasi, likasimama juu ya nyasi. Nikafurahi! Bibi alishaniambia kwamba askari wa wanyamapori hupita kukagua leseni, na mimi leseni yangu ilikuwa safi. Nikasimama, nikatabasamu, nikapeleka mkono mfukoni kuitoa.

"Mikono! Mikono! Mikono!"

Sitasahau sauti ile. Askari alikuwa kijana, na bastola yake ilikuwa nje, inanitazama. Mikono ilikwenda juu yenyewe. Akaniambia nipige magoti, nikapiga. Nilipiga magoti hivyo mara moja tu maishani, barabara ya kwenda mji wa Baraka, kule Kongo, mbele ya watu wenye bunduki, nikiwa na mwanangu huyo huyo wa kambini mgongoni. Mwili ukakumbuka kabla yangu. Mkojo ulinitoka kidogo, naandika hivyo hivyo bila kuficha.

Akanitoa kisu, akanitia pingu, akaniuliza: "Yuko wapi?"

"Nyuma ya nyumba," nikasema.

"Yuko hai?"

"Sijui. Nilimpiga hapa." Nikamwonyesha kwa kidevu, chini ya kwapa, mahali pazuri pa kupiga, ili aone kwamba sikumtesa.

"Ana umri gani?"

Mimi bado nadhani ni askari wa wanyamapori! Bibi alishanifundisha kukisia umri kwa kutazama uso na kifua. Nikataka kujibu kama mtaalamu. "Mdogo," nikasema. "Labda mwaka mmoja na nusu."

Yesu wangu. Ungemwona yule kijana. Rangi yote ilimtoka usoni. Aliitazama ile bembea iliyoonekana kando ya nyumba, akaongea kwenye redio yake kwa sauti iliyokatika, na nikasikia neno moja tu nililolijua: mtoto. Ndipo nilipoelewa alichoelewa yeye. Nikaanza kupiga kelele, "Hapana, si mtoto, si mtoto, swala!" lakini neno la Kiingereza la swala lilikuwa limenikimbia. Limefutika kabisa! Amenilaza kifudifudi kwenye nyasi, nalia, nasema "swala, swala" kwa Kiswahili kwa mtu asiyejua Kiswahili, na kichwani naona karatasi ya uraia ikichanwa, na mwanangu amesimama vumbini miaka mingine saba.

Bibi ndiye aliyeniokoa. Aliona gari la polisi likipita mbele ya lango lake, akaja na trekta yake ndogo ya kukatia nyasi, maana ndiyo iliyokuwa karibu, akipiga kelele kutoka mbali. Neno alilolipigia kelele ni lile lile nililolipoteza. Askari akanitazama mimi, akamtazama bibi, akaenda kando ya nyumba, akaona damu kwenye uzio na upinde kwenye nguzo. Alirudi akakaa chini kwenye ngazi za baraza akajishika kichwa. Nilikaa na pingu labda robo saa kwa jumla. Hakuniandikia karatasi yoyote. Kisha akanifungua, akanirudishia kisu changu.

Yule mama kijana akatoka analia, ananiomba msamaha, na mimi namwomba yeye. Tukaenda wote wanne nyuma ya nyumba kumtafuta. Mimi nilimwona wa kwanza, chini ya kichaka cha mwisho, amelala kwa ubavu, macho wazi. Hakwenda mbali, maskini. Alikufa kitambo, wakati nilipokuwa bado mtini natazama saa. "Nimempata!" nikapiga kelele kwa Kiswahili, na safari hii wote wakanielewa.

Bibi akatoa simu. "Mshike kichwa," akasema, "halafu uinue chako."

Nikamshika. Lakini bibi alipotaka kupiga picha nikaziba uso wangu kwa mkono. Aliniomba mara tatu nikakataa. Niliogopa picha ile itakuja kunishtaki mbele ya watu wa uraia. Akapiga hivyo hivyo, swala na mwanamke asiye na uso. Amri yake kuu nami nimeivunja siku ile ile.

Kaka nilimpigia jioni. Nilitegemea pole. "Wee! Pingu?" akasema. "Na siku kumi na tisa zimebaki? Donc unataka kuua mtoto wako kabisa?" Kisha akashusha sauti, akawa wakili. Hakuna karatasi, hakuna kesi, hakuna mtu anayejua. Wakiniuliza kama polisi wamewahi kunizuia, nijibu hapana. Na ile mbuzi yangu niitupe. Alimwita mbuzi!

Kuhusu swali, nilianza kuona huenda ana haki. Kuhusu mbuzi, nilimpa vidonge vyake.

Sikuitupa. Tulimchuna na bibi, tukaitoa nyama yote kwenye mifupa, nikaigandisha. Wiki iliyofuata nikaipakia kwenye boksi la barafu kumpelekea mama yetu, anayekaa Cheektowaga kwa mdogo wangu, nje kidogo ya Buffalo. Njiani nililala Columbus. Wifi yangu alikaanga kidogo kwa vitunguu na pilipili. Kaka alisukuma sahani. "Nyama ya polisi mimi sili," akasema, na kwenye meza ile ile akarudia: "Sema hapana. Usifikirie mara mbili. Ukisema ndiyo, mtoto akizeekea kambini, usinipigie simu." Usiku huo sikulala. Kusema kweli, nilikuwa nimeshaamua kusema hapana.

Mama yangu hana meno mengi, kwa hiyo nilimpikia taratibu mpaka nyama ikalainika, nikaikata vipande vidogo vidogo. Alikula, akafumba macho, akasema inanukia milima. Halafu akaniuliza nani amemwinda.

"Mimi," nikasema, nikitazama sufuria.

"Umemwiba?"

"Hapana, mama! Nina leseni."

"Sasa mbona unamsema polepole hivyo? Na mbona umemkatakata kama mtu anayeficha?" Akasogeza sahani nimwongeze. "We mama, mwanamke wa kwanza wa nyumba yetu kuleta nyama ya porini, na unaileta umeinama. Sema kwa sauti nisikie."

Nikasema. Nilimsimulia yote, mti, uzio, pingu, hata mkojo. Alicheka pale pa mwaka mmoja na nusu mpaka machozi yakamtoka, na nilipofika kwenye magoti akaacha kucheka, akanishika mkono wenye mafuta ya nyama. Kuhusu mahojiano hakunishauri kitu. Alimaliza sahani tu.

Siku zilizobaki bibi alinifundisha Kiingereza kwenye mstari wa maboksi. Ananionyesha boksi, najibu "it". Mashine, "it". Picha ya swala, "it". Nilikuwa kama kasuku. Akaniandikia pia barua ya kurasa mbili kueleza yaliyotokea, akaitia kwenye bahasha pamoja na leseni yangu na ile picha, akanitilia mkobani. "Utaamua mwenyewe kama utaifungua," akasema.

Afisa wa uhamiaji alikuwa mwanamume mwenye tai ya kijani na mafua. Niliapa kwa mkono wa kulia kusema kweli. Maswali ya historia nikayajibu yote. Kisha yakaanza yale ya ndiyo na hapana, naye anayasoma upesi bila kunitazama, kidole kikibonyeza hapana, hapana, hapana, kabla hata sijafunga mdomo.

"Umewahi kukamatwa au kuzuiliwa na polisi, kwa sababu yoyote?"

Kidole kilikuwa kimeshashuka. Ningenyamaza tu, kingenijibia. Niliuona uso wa mwanangu, nikamsikia kaka. Lakini pia nilikuwa nimeapa, na nimechoka kuinama.

"Ndiyo," nikasema.

Kidole kikasimama hewani. Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwa nini?"

Nikasimulia. Kiingereza kikawa kinaanguka na kuinuka. Nilipofika kwenye swala nikalitafuta lile neno la maboksi na mashine, nikalipata, likafika mpaka kwenye meno, na halikutoka. Nilikuwa nimeyaona macho ya swala yule. Nikasema "her", kama mwanamke. Angalau hapo kosa langu lilikuwa kumwita kama jirani tu, jinsia niliipata.

Alifungua bahasha. Alisoma barua yote, ukurasa wa kwanza na wa pili, akipiga chafya. Kisha akaishika picha muda mrefu. "Mbona umeziba uso?"

"Niliogopa swali hili ulilouliza," nikasema.

Hakucheka. Akaandika kwenye kompyuta, akaandika, akaandika, na kila herufi niliisikia kwenye mbavu. Mwisho akauliza, bila kuacha kuandika, "Ni wa kwanza?"

"Wa kwanza," nikasema, na nikainua kichwa. "Jike. Mdogo. Hatua kumi na nane, kwa upinde."

Akapiga muhuri karatasi, akanisukumia mezani. Nilisoma mstari wa kwanza mara nne kabla ya kuuamini: wamependekeza nikubaliwe.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilisimama katikati ya magari, nje ya ofisi ile, nikapiga simu kambini. Kule ilikuwa jioni. Najua bado kuna kiapo cha uraia, na fomu, na foleni, na miaka, hakuna mtu wa kunidanganya. Lakini nikishaapa, nina ruhusa ya kuanza kumtafuta. Akapokea kabla ya mlio wa pili, na nikajua alikuwa ameishika simu tangu asubuhi.

"Mama? Wamesemaje?"

Nilitaka kumwambia nimepita. Nilikuwa nimeipanga sentensi kabisa. Kilichonitoka, kwa sauti iliyofanya mlinzi wa mlangoni ageuke, kilikuwa kile kile cha nyuma ya uzio: "Nimempata!"

"Umempata nani, mama?"

"Wewe," nikasema. "Nani mwingine?"